Kadi ya Safina

Noa imevutwa kwa kamba kutoka Jangwani,
milango wazi, mazulia yameanikwa juu ya boneti,
na fundi Mshamu anakamua siti ya nyuma kwa magoti.
Kambare mdogo, mdogo kama kidole,
ametoka chini ya pedali ya breki.
Tumemtia kwenye ndoo. Tumemwita abiria.

Hapa Shaurimoyo tuko watano: benchi moja, tairi moja,
na hakuna anayemjua mwenzake.
Mimi nasubiri breki za Paso yangu,
inayolia kila nikikanyaga
kama mtoto anayekataa kuogeshwa.

Aliyeanza ni mzee wa kofia ya viua:
"Nuhu wa Mungu alielea siku arobaini.
Nuhu wa Japani, nusu saa, chali!"
Tukacheka. Mwenye miwani, rozari ikimchungulia mfukoni,
akasema, "Arobaini hiyo ni ya kwetu, mzee. Umeazima."
"Basi nitairudisha na tenki limejaa."

"Na mkewe?"
Ni mama aliyekaa juu ya tairi, mwenye Noa,
tope limemkauka mpaka magotini.
"Mke wa Nuhu alipanda?"
"Alipanda," akasema wa rozari, "yeye, wana na wakwe."
"Hakupanda," akasema wa kofia. "Alimhini mumewe."
"Jina lake nani?"

Fundi akaacha kukamua.

"Halikuandikwa."
"Na kwenu?"
"Kwetu pia."
"Kumbe mnapatana," akasema mama,
akalibandua tope kwenye goti, polepole, kama kidonda.

Halafu akatuambia, bila kutuangalia:
Noa ni michezo mitatu ya upatu,
ni supu na chapati, saa kumi alfajiri, miaka saba.
Kadi ina jina la Erasto.
Erasto hajui hata oili inapimiwa wapi.
Jana akapigiwa simu, gari inazama,
akauliza: kadi imelowa?

Kijana wa helmeti akaruka, sheria ipo mama,
mali ya ndoa ni ya wawili, nenda ustawi, nenda popote.
Wa kofia akasema mume ndiye nahodha.
Wa rozari akasema mume ndiye kichwa.
"Mmepatana tena!" akasema kijana. "Leo Dar itanyesha theluji."
Na Mshamu, sauti yake ikitoka chini ya gari:
"Kichwa cha gari ni injini, na injini imekunywa maji.
Nani anailipia?"
Mama akanyoosha mkono, kama darasani.

Mimi nikaitazama Paso.
Kadi yake ina jina langu, moja, limenyooka.
Nusu ya bei aliitoa dada yangu Sekela
mwaka ule nilipoachishwa bandarini.
Hajawahi kuuliza.
Nikatoa simu, nikajifanya nina ujumbe wa kusoma.

Mjue kwamba kwa Nuhu hatukugombana.
Kwa haki tulinuniana kidogo, tukagawana karanga.
Mashati yalitaka kuchanika pale mzee wa kofia aliposema
tuisukume Noa mpaka iwake.
"Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa!"
"Ya shemeji yangu iliwaka, Mbagala, mbele ya macho yangu!"
"Uongo!"
"Wallahi!"
"Usiape kwa gia!"
Benchi likaanguka. Ndoo ikayumba na abiria wake.
Kila mtu alikuwa fundi, kila mtu alikuwa na shemeji.

Katikati ya makelele hayo
Mshamu akafungua kitabu cha risiti,
akamwuliza mama, niandike nani.
Nikaona midomo yake ikilitaja,
jina refu, la kwake, lenye vituo,
na Mshamu akiliandika, ulimi nje, herufi kwa herufi.
Sisi wanne tulikuwa tunapiga kelele.
Hakuna aliyelisikia.

Nilitaka kuuliza.
Kisha nikaitwa: Paso, breki tayari,
njoo ujaribu.