Dakika ya Kumi na Moja

Katika ile ya majaribio, isiyorushwa,
mama wa bwana arusi ni shangazi yangu Thuwaiba.
Jiko ni lake mwenyewe, hapa Mabela,
na mbuzi ya nazi chini ya meza
haikuwekwa na mtu wa mapambo.
Maneno ya Kiarabu yakamponyoka.
Akasema, "Njoo mwanangu, ule kwanza,"
na yule kijana wa Nizwa, asiyejua Kiswahili,
akaja,
akala.

Ramadhani, baada ya futari, tumejazana sebuleni.
Jiko jeupe la studio.
Mama mwingine, mwembamba, wa kutoka Kuwait,
kikombe mkononi, chai haifuki moshi.
Maneno yote akayatamka, hata moja halikukwama.
Kijana akajibu vizuri sana. Hakula.

Shangazi akanyanyuka
kwenda kuzima jiko lililokwisha kuzimwa.

Ile ya kwanza ninayo. Hamdun wa uhariri
alininakilia kwenye flashi, kwa siri.
Dakika ya kumi na moja unasikika mwiko
ukigongwa ukingoni mwa sufuria, mara mbili,
kama anavyogonga siku zote.
Chini ya picha fundi sauti ameandika:
kelele, ondoa.