Bisibisi Sikioni

Stima ilijiendea zake Jumanne saa saba mchana
na barafu zangu za ubuyu, mia na ishirini,
zikaanza kutoa jasho ndani ya friza.
Nikavuta kamba ya jenereta. Ikawaka,
lakini iliwaka na neno lake:
ta-ta-ta-ta, ta-ta-ta-ta,
kama mtu agongaye meza kwa pete akidai chenji.

Muyeye nzima ikasikia.
Nyevu akapaza sauti ng'ambo ya ukuta: "Mama Simu, hiyo inakata roho!"
Lali wa vyuma chakavu akapita na mkokoteni,
akapunguza mwendo
kama kunguru aliyeona mbuzi mgonjwa.
Fundi Changawa hakuifungua. Aliegemea mlango nusu dakika,
akasema pistoni,
akasema elfu sita,
akasema nusu utangulize.

Elfu sita sina. Masikio ninayo.
Miaka ishirini na mitatu nilikaa posta mbele ya switibodi
nikiunganisha watu. Laini ya Mambrui ilikuwa na mvumo,
ya Gede ikikwaruza kila inyeshapo,
na kabla fundi wa waya hajapanda nguzo
nilishajua ni nguzo gani.

Lakini nilianza kwa kukosea, afadhali niseme.
Nilikaza bomba la moshi: ta-ta-ta.
Nilimwaga oili, nyeusi kama kahawa iliyosahauliwa mekoni,
nikatia mpya ya mia tano na hamsini:
ta-ta-ta, sasa kwa afya zaidi.
Nikasugua plagi kwa msasa mpaka ikang'aa.
Injini haikuona haya.

Alfajiri nikachukua bisibisi ndefu,
ncha kwenye chuma, mpini kwenye tundu la sikio,
nikafumba macho.
"Haloo," nikasema. Ulimi una mazoea yake.
Chini, kwenye oili, mvumo wa heri.
Ubavuni, pistoni inapanda na kushuka, haina ugomvi na mtu.
(Changawa, Mungu akusamehe.)
Juu kabisa, chini ya kile kifuniko cha boliti nne,
hapo.
Hapo ndipo alipokuwa akipiga, usiku kucha, bila kupokewa.
Tapeti.

Nikazima, nikangoja ipoe.
Mjukuu wangu Twalha akashika sinia, mimi spana namba kumi.
Mle ndani, mikono miwili midogo ya chuma:
mmoja umetulia,
mmoja unacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.
Kipimo cha mafundi sina. Nina wembe.
Wembe mmoja kwa vali ya hewa,
nyembe mbili zilizobandana kwa vali ya moshi,
zipite kwa kukwaruza kidogo tu,
kama uongo mdogo kati ya watu wapendanao.
Nikashika skrubu, nikakaza nati ya juu,
nikapima tena, ikawa imehama. Nikalegeza.
Mara ya nne ikakubali.

Hapo Twalha akapiga chafya.
Boliti moja ikaruka sinia, ikazama mchangani.
Tulifunga sumaku ya spika ya redio kwenye uzi, tukavua:
misumari mitatu, kizibo cha soda,
ufunguo ambao hakuna anayeujua mlango wake,
na mwisho, saa nne kasorobo, boliti.

Nikavuta kamba.
Nyevu akachungulia juu ya ukuta. "Imekufa?"
"Imenyamaza."
"Sasa hiyo taa imewakaje?"
Nikaweka tena bisibisi sikioni. Bado kulikuwa na tik moja,
ya mbali, ya mara moja moja.
Niliisikiliza sana, kisha nikaiacha iseme.

Barafu sitini na nane zilipona.
Zilizoyeyuka tulizinywa kwa vikombe, mimi, Twalha na Nyevu.
Hata Changawa akatokea, mikono mfukoni,
kuuliza ile pistoni inaendeleaje.
Nikamjazia kikombe mpaka ukingoni.
Nikamtoza shilingi kumi.