Kunoa

Mimi hunoa vyuma vya viatu, Hachinohe,
katika chumba cha nyuma ya uwanja, karibu na boila.
Bi Ogasawara huwanoa watoto.
Nao watoto, kila jioni, hunoa:
huanguka, huinuka na barafu matakoni.

Fumika ana miaka kumi na mitano.
Mizunguko mitatu huitua taratibu,
kama mtu afungaye mlango wa chumba
chenye mtoto aliyelala.
Sasa anataka minne.
Minne ina pointi nyingi,
hata ukianguka hukosi chochote.
Amepiga hesabu nyuma ya daftari la jiografia,
akatoa, akajumlisha, akanionyesha.
Hesabu ni sahihi. Nikanyamaza.

Ila chuma hakijui uongo.
Nikikiinua kwenye taa naona
mguu wa kulia, ukingo wa nje, umelika:
anatua kabla hajamaliza kuzunguka,
robo ya duara anataka kuikopa barafu.
Barafu haikopeshi.

Jumamosi, mashindano ya mkoa, nilisimama mlangoni.
Alikuja kasi, akatoa mgongo, akajikunja angani.
Moja. Mbili. Tatu.
Na palipostahili nne akafungua mikono.
Akatua.
Sauti ile: mkasi ndani ya hariri.

Akawa wa pili, kwa nukta chache.

Jana kaniletea viatu, kavitua mezani.
Nikatazama makali: sawasawa, pande zote.
Nilitaka kumsifu.
"Noa zaidi kidogo," akasema,
"kesho najaribu minne."