Kati ya Viti Viwili

Kwanza kadibodi. Boksi la mashine ya kufulia,
nikalikata kwa kisu cha jikoni, nikalipachika
juu ya mgongo wa giaboksi. Likakataa.
Nikakata jingine. Likakataa, ila kwa adabu kidogo.
La tano likakaa kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Gari ni la mwaka sabini na moja, bodi ya fibaglasi,
liliundwa mwendo wa dakika kumi kutoka gereji hii,
kwenye bonde la Welisi ambako makaa yalikwisha
na mvua haijapata habari.
Baba alilinunua kabla hajaninunulia kitanda.
Mama hakuacha kulisema hilo hadi alipozikwa.

Katikati ya viti palikuwa na plastiki iliyopasuka,
redio mfu, kisahani cha majivu,
na nyaya zilizoshikana kama tambi za jana.
Nimezifuata mmoja mmoja, tochi mdomoni:
mwekundu wa feni, wa kijani wa saa,
wa zambarau hauendi popote. Nimeuacha.
Kila nyumba ina mtu wa namna hiyo.

Mbao nimezipata Kanisa la Hebroni,
lililouzwa liwe ukumbi wa kukwea kuta kwa kamba.
Benchi moja, pauni thelathini.
Bwana Gethin Probert alinisaidia kulibeba,
akasema: keti kwanza, Heledd, uliage.
Nikaketi. Lilikuwa gumu vilevile.

Randa ilipopita ilitoka nta,
kisha weusi wa mapaja ya wachimba makaa,
kisha, ghafla, harufu ya msonobari,
kana kwamba mti haukuwahi kuambiwa umekufa.

Samaki mkunje angali mbichi.
Ubao huu ulikauka kabla babu hajazaliwa.
Nimeutia ndani ya bomba, juu ya birika, saa mbili nzima,
nikaukunja kwa jeki na dua. Ukavunjika.
Nikatukana kwa Kiwelisi,
halafu nikakumbuka ulikotoka.

Wa pili ulikubali.
Chini yake mtoto fulani alichonga D.P. kwa msumari,
akaanza herufi ya tatu, akakamatwa.
Upande huo nimeuelekeza chini,
pale ambapo vidole vya abiria hufika vikichoshwa na safari.

Na vile vitundu vya vikombe vya ushirika,
vinne, upana wa kidole gumba.
Carys akacheka: hata kahawa ya panya haitatosha humo!
Nimeziba vitatu. Cha nne
nilikitia gundi, nikaifuta.

Kiwiko cha baba nilikipima akisinzia mbele ya raga,
cha kushoto, cha mkono wa gia,
inchi tisa na nusu kutoka kitini.
Tangu alipoanguka bafuni mwezi wa Novemba
mkono huo hushika kikombe kama unakishuku.
Kwa hiyo sifongo nene, ngozi rangi ya chai kali,
na ukingo nimeupiga msasa hadi usiku ukaniishia.

Jumamosi nikalitoa nje. Manyunyu.
Baba akalizunguka, akalipapasa boneti
kama shavu la ng'ombe aliyerudi mwenyewe,
akaufikia mlango wa kulia,
akaupita.
Akafungua wa kushoto, akaketi, akafunga mkanda.
"Haya," akasema.

Vipimo vyangu vyote, mkono usiohusika.
Upande wake mto umepungua nusu inchi,
kiwiko chake cha kulia kinaning'inia.
Nitaufungua tena Jumatatu, skrubu kumi na mbili.
Hakusema neno kuhusu kiwiko.
Gia ya pili iliposaga alisema: "Hesabu mbili, ndiyo uisukume."
Nikahesabu. Ikaingia.

Kwenye kona za mlima wa Maerdy, kondoo katikati ya lami,
akatoa mfukoni peremende mbili.
Moja akaitia mdomoni.
Nyingine akaizungusha kidogo kwa kidole
hadi ikakaa sawasawa ndani ya kile kitundu.
"Yako," akasema. "Mahubiri ya leo ni marefu."