Nafasi Iliyoachwa Wazi

Fomu ina mstari mmoja wa nukta:
*Mimi, Yoleta Chiwanga wa Hombolo, nime…………*
na mimi, karani, ndiye wa kujaza.

Nje, upepo wa Julai unapekua mafaili;
haya ya ndani nimeyalaza chini ya jiwe.
Mama amekaa. Viganjani bado ana utomvu
wa mizabibu aliyoikata jana kwa mkono wake,
isije ikakatwa, alisema, na mtu asiyejua umri wake.

Niandike *nimekubali*?
Kukubali ni neno la posa: kuna kucheka pembeni,
kuna shangazi anayehesabu ng'ombe kwa vidole.
Hapa hakuna aliyeposa. Walikuja na kamba
na kopo la rangi, wakachora X kwenye ukuta wa jiko.

*Nimeridhia?* Moyo hutangulia, mkono ukafuata.
Mkono wake umefika peke yake.

*Nimetii* ni la mtoto aliyetumwa chumvi.
*Nimesalimu amri*: lakini hakushika hata fimbo,
alishika kata, akawapa wapimaji maji,
wakanywa, wakashukuru, wakaendelea kupima.

*Nimeshindwa* nililiandika, nikalifuta,
raba ikatoboa karatasi.
Ashindwe vipi, na hakuna aliyempulizia kipenga cha kuanza?

"Mama, mwenyewe ungesemaje?"

Anatazama dirishani, kama anaona
kijia cha bwawani, na ng'ombe wa kwa Ndahani
wanakuja wote kwa pamoja,
naye na ndoo kichwani anajisogeza kwenye minyaa,
anafumba macho hadi vumbi litulie,
kisha anarudi njiani pale pale alipoishia.

"Andika *nimepisha*."
Ananyamaza. Anafuta dole gumba kwenye khanga,
wino hautoki.
"Ila ng'ombe hupita wakaisha.
Hii barabara yenu, mwanangu,
itamaliza kupita lini?"

Nikaandika *nimepisha*.
Saa nane faili likarudi kutoka juu,
neno limezungushiwa duara jekundu,
pembeni: *Tumia lugha ya kisheria.*
Nikatumia.

Saa kumi nilipofunga ofisi
alikuwa bado pale mlangoni, hakuna aliyemwambia aende,
amejibana ukutani na mfuko wake wa nailoni,
akipisha wenye haraka.