Siku ya Kuondoa Tope

Vali ya chini haifunguki kwa mkono mmoja.
Inataka wanaume wawili, matusi kidogo,
na mafuta ya kupikia ya mke wangu, ambayo sijamwambia.
Tangu bwawa la Kapsoyon lifungwe, huku juu ya Kapchorwa,
hakuna aliyewahi kuigusa.
Lakini mwaka huu tope limepanda hadi kipimo cha nne,
maji yaliyobaki ni ya kunawia tu,
basi tumezungusha, chuma kimelia,
na bwawa limeteremka korongoni likinguruma.
Kisha kimya. Kisha harufu.

Watu wameshuka na majembe, na punda, na magunia,
maana tope hili ni mali: ukilipa kitunguu
kinanenepa mpaka kinaona haya.
Mimi, Sabila, mshika ufunguo kama baba yangu,
nimekaa ukingoni na daftari.
Naandika kila debe linalotoka
na kila kinachotoka ndani ya debe.

Juu ni mambo ya juzi. Chupa za soda.
Kiatu cha mbio cha Chelimo, cha kushoto,
alichokivua siku moja kimpe nafuu ya lengelenge
na upepo ukakiomba.
Sasa anakimbia Ulaya; kiatu kimeota gugu.
Kipande cha bomba, cha mwaka tuliochanga
kuku mmoja kila nyumba na siku tatu za mtaro,
maji yakafika zahanati, yakafika shule,
yakafika hata kwa Yesho, aliyekataa kuchanga,
naye akawa wa kwanza kulalamika:
yana baridi mno.

Chimba.

Kengele ya ng'ombe, bila ulimi.
Mwaka wa wavamizi tuliwaficha humu, maji shingoni,
usiku kucha, na ng'ombe wale
walijua kunyamaza kuliko sisi.

Kikombe cha bati chenye tundu la risasi.
Wanajeshi walikuja kuosha lori.
Nimelitafuta daftari la baba la mwezi ule.
Lina mstari mmoja:
*Maji mekundu. Sikuuliza.*

Chimba tena. Maganda ya kahawa,
meusi, yamegandamana kama kurasa zilizolowa.
Hayo ndiyo yalikuwa maana ya bwawa:
kuosha arabika ya watu wa mbali
huku wachimbaji wake wakinywa uji.
Mzungu wa ramani, waliyemwita Bwana Kamba,
alilipa kwa debe, na debe lake
lilikuwa kubwa kuliko madebe yote ya Sebei.

Halafu jembe likagonga jiwe.
Likagonga la pili.
La tatu hatukuhitaji kulitafuta,
tulijua lilipo.

Bibi Yapsiwa hakualikwa.
Ameshuka peke yake, gauni amelikunja kiunoni,
tope hadi magotini, fimbo akaiacha njiani imesimama.
Ameyatazama mafiga.
"Mlango ulitazama kule," amesema,
akanyoosha kidole kwenye ukuta wa saruji.
Fidia ilikuwa mbuzi na blanketi.
Mbuzi aliliwa harusini kwa mtu mwingine.
Blanketi, anasema, lilikuwa linawasha.

Tulingoja alie. Hakulia.
Ameinama, akapangusa jiwe moja kwa kiganja,
vile mtu anavyopangusa uso wa mtoto,
akatugeukia, sisi na majembe yetu:
"Kumbe miaka yote hii
mnakunywa jikoni kwangu.
Na hakuna aliyesema asante."

Nimeandika: *Madebe mia nne na tatu.
Mafiga matatu. Hayakutolewa.*

Mvua ilirudi wiki ya pili.
Maji yamepanda: kipimo cha kwanza, cha tatu, cha sita.
Jana Yesho amekuja na kikombe mkononi,
ameninyooshea, amekunja pua.
Anasema yana harufu ya moshi.

Nimeyaonja.
Leo, kwa mara ya kwanza, sikubishana naye.