Bomba la Baridi

Al-Khudh, mwezi wa nane, saa saba mchana.
Paka wa jirani kahamia chini ya gari
na gari lenyewe linatafuta kivuli.
Mundhir amelala chali kwenye vigae vya jikoni,
anahesabu kwa sauti kila friji inapoguna.

Nikaukumbuka mfuko wa Karankashu,
pipi walizozoa mlango kwa mlango katikati ya Ramadhani,
nikazificha nyuma ya unga wa dengu
nikidhani mimi ndiye mjanja wa nyumba hii.
Kumbe zimeshapunguzwa. Shinuna akatazama dari.

"Leteni sahani nyeupe. Ile pana. Si ya wageni."
Tukazipanga ukingoni, bega kwa bega,
nyekundu, njano, kijani, buluu, tena nyekundu,
na Mundhir akala kila ya tano,
eti kwa ajili ya hesabu.

Jaribio linataka maji ya uvuguvugu.
Wa nchi za mvua watateleka birika.
Sie tunafungua bomba la baridi:
tangi liko juu ya paa tangu alfajiri, linapikwa na jua.
Mwezi wa nane, anayetaka maji baridi
huzima hita, akafungua la moto.
Huu nao ni ujuzi,
ingawa hakuna aliyetupa cheti.

Nikamimina katikati, polepole,
kama mtu anayemfunika mtoto shuka.
"Msiguse meza. Mundhir, pumua upande ule."

Kwanza, hakuna kitu.
Kisha nyekundu ikatoa ulimi.
Njano ikafuata, na buluu, na kijani,
kila moja ikikunjua mkeka wake kuelekea katikati,
zikafika, zikakutana,
zikasimama.
Mpaka mwembamba kama uzi wa kushonea kofia,
na hakuna iliyovuka.

"Lesh?" akanong'ona Mundhir.
"Mbona hazichanganyiki?" akauliza dada yake.
Huyu kwa Kiarabu, huyu kwa Kiswahili,
nami sikuwa na jibu kwa lugha yoyote.
Nikasema sukari. Nikasema uzito wa maji.
Nikasema sijui vizuri, tutatafuta.
Shinuna akaandika daftarini:
*Saa saba na dakika ishirini. Mama hajui.*

Herufi ndogo nyeupe zikabanduka pipini,
zikaelea, zote herufi moja.
Mundhir, aliyesoma darasa moja tu,
akazifuata kwa kidole bila kugusa maji.
"Zinasema *sss*," akasema. "Tunyamaze."

Tukanyamaza.

Ndipo Azzan akaingia kutoka kazini,
akatupa funguo mezani kama kila siku,
na sahani nzima ikatetemeka:
mikeka ikakunjana, mipaka ikavunjika,
ikabaki rangi ya maji yaliyosuuzia vikombe vya kahawa.
"Mnapika nini?" akauliza.

Mundhir alilia kilio cha mtu aliyeibiwa.
Kisha akapangusa pua, akahesabu mfukoni.
Zimebaki kumi na moja. Hakula hata moja.

Shinuna akafungua ukurasa mpya:
*Jaribio la pili. Baba asimame mlangoni.*

Na akasimama,
funguo kaziminya kiganjani,
hapumui.